Nyama ya Kuchemsha

Kwenu ninyi haichomwi. Huchemshwa.
Ndivyo alivyonifunza mama mkwe, Nikesipe,
kwa sauti ya mtu asiyezoea kubishiwa:
"Ukiwachomea Horai nyama, nao watakuchomea shamba."

Basi nimeteka maji tangu alfajiri,
mimi, mke wa mchoma makaa wa Akarnai,
ambaye nyumbani mwake kila kitu kinanuka moshi,
mikate, shuka, hata utosi wa wachanga,
nimeinamia chungu
kumchemsha mwanakondoo polepole
kwa makaa yetu wenyewe.
Mtanisamehe. Moto ndio tulio nao.

Thalo, wa chipukizi,
wa kwanza kufika, wa kwanza kusahauliwa,
nilikuona ukingoni mwa kisima:
jani moja la mtini, bichi, limejikunja
mfano wa sikio la paka.
Sikukugusa. Nilikuwa na gunia mgongoni.

Aukso, wewe huonekani.
Nani amewahi kumfumania mkuzaji akikuza?
Tunalala ngano iko magotini,
tunaamka iko kiunoni,
na mtoto uliyemshonea vazi la kuburura
anasimama mlangoni, vifundo vya miguu nje, anacheka.

Karpo, kwako sina maneno mengi.
Wewe unapendwa na kila mtu.

Watatu. Nimehesabu, nikarudia.
Mjini wakubwa wenu wana nguzo za marumaru;
ninyi hapa kwetu mna jiwe moja
kando ya njia ya mbuzi, na mbuzi hawana adabu.
Lakini mwanangu Menekle, alipopewa ngao,
alisimama mbele ya wazee akala kiapo,
na mashahidi aliowataja
hawakuwa wale wa radi na mikuki peke yao.
Alisema Thalo. Alisema Aukso.
Alisema ngano, shayiri, mizabibu, mizeituni, mitini.
Nilisikia kwa masikio haya, nikajivuna:
kijana anakwenda vitani
ameshika shina la mtini.

Alirudi theluji ikiwa juu ya Parnithi,
ndani ya chungu kidogo kuliko hiki.
Walikuwa wamemchoma, kwa heshima zote, tuliambiwa.
Nilichovya kidole katika jivu.
"Mwaloni," nikasema.
Mume wangu akasugua punje kati ya vidole, akanusa.
"Mwaloni na msonobari. Kuni mbichi kidogo."
Hatukusema kingine hadi usiku.

Sasa niulize, kwa kuwa maji hayajachemka:
mwezi ule zamu ilikuwa ya nani?
Thalo alikuwa hajaamka. Aukso hakuwa na cha kukuza.
Karpo alikwisha kuondoka na kapu lake.
Mwaka una majira yake, na ninyi mko watatu,
na baridi haikupewa binti.
Nilitoka uani usiku ule nimlaani mtu,
nikakosa jina la kulaani.

Na tazameni jambo lililo baya zaidi:
baridi ndiyo inayotulisha.
Wakati wa maua nani ananunua makaa?
Barafu ikiganda kwenye mitungi ya mjini
ndipo punda wetu hupokewa kwa shangwe,
ndipo wale wenye nguzo za marumaru
huniita "mama" na kunipunguzia maneno ya bei.
Mwaka ule tuliuza vizuri kuliko miaka yote.

Haya. Imeiva.
Chumvi kidogo, kama mnavyopenda, au kama Nikesipe
anavyosema mnapenda.
Ukame upite mbali. Upepo wa hari upite mbali.
Nyunyizeni pale penye shayiri, palichelewa.

Vipande vitatu juu ya jiwe, vinatoa mvuke.

Cha nne nimekitupa juu ya makaa matupu.
Kimelia, kimejikunja, kimeungua upande mmoja.
Nikesipe ameona.
Nilingoja anigombeze.
Amechukua kijiti, akakigeuza
kiungue na upande wa pili.