Hori la Sikonge

Hori letu la zamani limeliwa na mchwa.
Maganga, yule aliyekula sadaka ya mavuno
akavuliwa uzee wa kanisa,
kaleta nusu ya mzinga wa gogo,
kauweka mlangoni, karudi nyuma.

Mama Nyanzala akaunusa: nta, moshi, asali ya mwaka jana.
"Wa mwizi huu," mtu akanong'ona.
Hakujibiwa. Mtoto alikwisha kulazwa.

Usiku, mvua ikipiga bati,
nyuki mmoja, sijui katoka ufa gani,
akatua kwenye kidole cha udongo.
Mbingu zote ni zake, nikawaza,
naye kashuka hadi kwenye harufu ya mikono yetu,
asiulize mzinga ni wa nani.

Maganga bado yuko barazani, amelowa.
Tukabanana kwenye benchi.
Nafasi ikapatikana.