Maksi za Adui

Guraya, nyuma ya duka la achari,
nina chumba kimoja, skrini nne, feni inayolia kama mbuzi,
na daftari ambalo Mbwarali alilipiga mistari kwa rula:
jina la gemu, aina ya adui, maksi juu ya kumi.
Shilingi ishirini nusu saa. Hukumu ni bure.

Sheria ya kwanza: shabaha si akili.
Adui anayekutoboa paji kutoka ng'ambo ya mji,
usiku, kwenye moshi, asikose hata mara moja,
huyo anapewa mbili.
"Hiyo ni mashine," asema Shekue, akitema kokwa ya buyu,
kana kwamba wale wengine wana mama zao.

Kisha guruneti.
Mtupie miguuni pake, umtazame.
Akisimama kama nguzo ya stima, sifuri.
Akikimbia, tano.
Akikimbia huku akimwita mwenzake, saba,
na chumba kizima hunyamaza kidogo.

Wanasema Kirusi, nadhani, au kitu cha huko baridini.
Mkalimani wetu ni Nyanje, ambaye hakijui.
"Yuwaja! Zunguka kwa kina Mwanasiti!"
"Zimeniishia, nikinge!"
Na yule aliyekutafuta akakukosa, akageuza mgongo:
"Ah, pengine ni paka."
Mjini kwetu, kwa kweli, pengine ni paka.

Mimi si hakimu. Mimi ni wa kukusanya sarafu.
Lakini usiku mmoja nilifunga mlango wa bati
nikacheza bila kufyatua risasi.
Nilijibanza nyuma ya mapipa, nikawasikiza.
Risasi ya kwanza hukosa.
Kila mara. Hupiga ukuta karibu na sikio, vumbi likaruka,
ya pili ndiyo yangu.
Mtu fulani, nchi sijui gani, alikaa akapima
moyo wangu unahitaji muda gani kushtuka,
akamwagiza askari wake: kosa kwanza.
Na zile kelele? Hawana haja nazo.
Wote wamo ndani ya sanduku moja, wanajuana kimya kimya.
Wanapiga kelele kwa ajili yangu,
nisije nikadhani hawafikiri.

Niliwaambia asubuhi. Laiti ningenyamaza.
"Kwa hivyo anajifanya mjinga?" Mbwarali aliuliza.
"Anajifanya."
Akatafuna kifuniko cha kalamu. "Basi huyo ndiye mwerevu."
Shekue akakataa katakata: ukimsifu mwanasesere
umemsifu mwenye kamba.
Walibishana mpaka adhana ya adhuhuri,
na nusu saa ile hakuna aliyeilipa.

Sasa huyu wa Alhamisi.
Hospitali iliyobomoka, ghorofa ya tatu.
Nyanje alikuwa amemuua mmoja mlangoni.
Wa pili akaja mbio, akafika kwenye maiti,
akasimama.
Bunduki imeshuka. Akageuka kushoto, kulia, kushoto tena.
Guruneti likabiringika mpaka kwenye buti lake,
likalipuka, likamwacha mzima, na hakuinua hata kichwa.
"Amekwama," alisema Shekue. "Fremu imemshika bega."
Nami niliiona, fremu, ndani ya bega lake.
"Anasemaje?" tukamuuliza mkalimani.
Nyanje, kidole juu ya kitufe:
"Hasemi kitu."

Hapo stima ikapotea.
Feni ikapunguza kilio chake, ikafa.
Mbwarali aliandika kwa tochi ya simu, daftari juu ya goti,
na iliporudi, gemu lilianza upya tangu ngazi za chini,
wale wawili wazima, wanatembea pamoja, mmoja anachechemea.
Nyanje akapita mlango wa jikoni.

Nimelifungua daftari leo nikitafuta nani ananidai chenji.
Kwenye safu ya maksi, Alhamisi,
pana doa la mafuta ya viazi karai
na maneno mawili, kwa mwandiko wa karani wa baraza:
*Arudi kesho.*