Dirisha la Tatu

Machi, mji mzima ulishona.
Vlasta wa ghorofa ya pili alikata mapazia ya jikoni,
akaning'iniza barakoa kwenye kitasa changu,
ina picha za cheri, joto la pasi bado limo.
Asiyevaa alitazamwa kama aliyetoka uchi.

Nilivaa. Nikawa kiziwi mara ya pili.
Miaka arobaini nimesoma midomo ya Olomouc:
ya mwoka mikate, ya kondakta wa tramu,
ya wanaosengenya wakidhani umbali ni ukuta.
Ghafla ukurasa wote umevishwa kitambaa.

Oktoba, Vlasta yule yule
kaishusha yake hadi kidevuni.
"Hatamu ya punda," alisema. Hilo nililiona vizuri,
hasira husomeka bila miwani.
Bintiye, muuguzi, hamsemeshi tena.

Posta, dirisha la tatu, kijana Radim
ananiuliza kitu. Nyusi tu ndizo zinacheza.
Nyuma yangu foleni inahema.
Mmoja anaashiria kwa vidole: ivue, umjibu mama!
Mwingine anatikisa kichwa: thubutu!
Wanagombania mdomo usio wao,
na mimi, mwenye haja nao, sikuulizwa.

Radim hakuivua.
Alipindua risiti,
akaandika kwa herufi za mtoto wa shule:
STEMPU ZENYE NDEGE AU ZENYE MAUA?

Nikachukua ndege.
Nilicheka, naye hakuona kicheko;
aliona macho, nadhani.
Yalitosha, siku ile.