Sigara Ambayo Mwalongo Hakuniuzia

Mwezi wa sita, Mafinga, kila mdomo una moshi:
watoto wa shule, padri, ng'ombe wa maziwa,
kila apumuaye pumzi yake huonekana.
Ndivyo nilivyoanza bila kushtukiwa.
Miaka kumi na minne, kijiti cha msindano mdomoni,
naigiza wakubwa, na wapakiaji wa magogo wakacheka
wakanipa ya kweli.
Nikavuta miaka kumi na tisa.

Mwalongo, duka lako linatazamana na kiwanda cha mbao.
Ulinipa moja moja, mbili kwa deni,
na katika daftari lako lenye mafuta ya taa
jina langu lilikopa moshi kuliko unga.

Siku nilipokohoa hadi Chengula akazima msumeno
akidhani nimekatwa,
nilikwenda zahanati.
Sista Atupele hakunionyesha picha ya mapafu.
Aliuliza tu: "Ya kwanza unavuta saa ngapi?"
Nikasema kabla sijavaa viatu.
"Basi anza kuvaa viatu."
Wiki ile nilifunga kamba polepole
kama bwana harusi anayeogopa kanisa.

Ushauri ukaja kama mvua ya Mufindi, haukuuliza.
Tafuna tangawizi. Tafuna bisi.
Kunywa maji ya moto, acha chai ya rangi.
Mjomba Kihwele akasema nihamie ugoro
(hakuna kikao kinachomkosa mtu wa hivyo).
Chengula, aliyeacha mwaka ule wa mvua ya mawe,
alisema hivi, huku ananoa meno ya msumeno:
"Hamu ni lori la magogo.
Sogea pembeni, lipite.
Usilipungie mkono tu."

Mke wangu Tusekile hakushauri.
Alilifua koti langu mara tatu,
akalianika juu ya ua,
na usiku mmoja, bila neno,
akalala uso wake ukiwa upande wangu.

Siku ya ishirini na tatu nilipunga mkono.
Msiba wa mzee Mdegela, ulanzi wa kwanza wa masika,
mbeta inazunguka, jirani ananyoosha pakiti,
nami nikajiambia marehemu angependa.
Nilivuta tatu. Ya tatu sikuisikia hata ladha.
Kesho yake usiku nikaja kwako na sarafu mkononi,
zimeshapata joto.

Ukasema, "Zimekwisha."
Nyuma yako pakiti zimepangwa kama matofali!
Nilikutukana, Mwalongo.
Nilianza na wewe, nikapanda hadi kwa babu yako,
nikashuka tena kwa dada zako.
Ulisubiri nimalize.
Ukanipimia karanga robo kwenye gazeti,
ukasema, "Hizi siandiki."
Nilirudi nyumbani katikati ya viazi vilivyoungua kwa barafu,
nikitafuna kwa hasira, nikihesabu maganda,
na lori likapita, nikabaki pembeni.

Baadaye niliambiwa Chengula alishapita kwako
na kwa mama wa kibanda cha chipsi,
na kwa yule kijana wa bodaboda anayeuza za magendo,
mlango kwa mlango, kama mchangishaji wa harusi.
Hakuniambia. Na mimi sijamwambia kuwa najua.

Sasa ni mwezi wa nane sijavuta.
Sisemi nimepona. Koti likilowa mvua
bado linanukia mtu niliyemfahamu.

Lakini jana, saa nne usiku, simu ililia.
Chengula. Mwanawe amelazwa Ifunda tangu Jumapili.
Alinyamaza kidogo, nikasikia upepo
na bawaba za mlango wako, nazijua kelele zake.
"Niko kwa Mwalongo," akasema.
"Ameniambia zimekwisha."

Nikamwambia, sogea pembeni, nakuja.
Nje palikuwa na baridi ya kukata masikio.
Nilivaa viatu kwanza.