Mteremko

Betri asilimia kumi na moja, Nsimire,
na umeme ulikwenda tangu saa moja.
Mama kalala na harufu ya sambaza mikononi.
Nami, dada yako, nilijifanya nimelala
nikakusoma ukiandika chini ya blanketi:
"Unieleze mteremko wa mstari. Polepole.
Mwalimu alikimbia. Mitihani inamkimbiza."

Mashine ikajibu kwa Kiswahili kilichopigwa pasi,
Kiswahili cha mtu asiyewahi kukosa maji:
tuchukue mfano wa gari moshi linalopanda mlima.
Ukacheka puani.
Gari moshi gani, hapa Kadutu?

"Miye sijapandaka treni.
Nabeba bidoni toka bomba la chini.
Ngazi ni mia moja na kumi na mbili, nilizihesabu.
Nikienda mbele hatua mbili, nimepanda tatu.
Kwa Mama Cibalonza panateleza,
hapo ndipo tunatua mizigo na kusema watu."

Vidoti vitatu vikacheza,
kama mtu anayemeza mate.
"Basi mteremko wako ni ngapi?"

Jibu haikukupa. Ulinuna.
Mwenzako Deo haulizi hivyo: huagiza jibu,
hunakili, saa mbili yuko usingizini,
na alama zake ni nzuri, tusidanganyane.

Tatu kwa mbili, ukasema kwa sauti.
Moja na nusu. Mama akajigeuza.
"Na ukishuka na bidoni tupu?"
Hasi. Hasi moja na nusu.
Uliligusa goti lako, nikaona.
Goti lilijua hesabu hiyo tangu una miaka sita,
halikuwahi kuulizwa.

Asilimia mbili. Ukaandika mbio, ukikosea herufi:
"Na pale mlima ulipokatika usiku ule wa mvua,
nyumba ya kina Cirhuza ikaenda nao,
ule mstari uliobaki, mteremko wake ngapi?"

Vidoti vitatu.
Kisha giza, na uso wako ndani yake.

Kesho yake swali ulilipeleka darasani.
Mwalimu Birindwa aliinua chaki, ukanisimulia,
akachora mstari mmoja, wima, toka juu hadi chini.
"Huu," akasema, "mteremko wake hausemeki."
Akageuka ubaoni, akawa anafuta
mahali pasipoandikwa kitu.