Upepo Kiasi Gani

Dakika tisini ziliisha tukiwa sare, moja moja,
sisi wa Trelew, wao wenyeji wa Comodoro,
na upepo wa magharibi, ambao hauna timu,
ulikuwa umeshatuibia kona mbili na kofia ya kipa.

Kocha Elvio Pugh akatuketisha penye nyasi chache.
Si mtu wa hotuba. Siku za kazi anaziba pancha
kando ya barabara ya Gaiman; ukocha ni Jumanne na Alhamisi,
na Jumapili huvaa koti la marehemu kaka yake.
Alitugawia vipande vya machungwa, akatazama uzio:
mfuko wa plastiki ulikuwa umenasa kwenye seng'enge,
umenyooka kama mkono wa trafiki.
Hiyo ndiyo iliyokuwa mitambo yake ya hali ya hewa.
"Nimebakiza mtu mmoja wa kubadilisha," akasema,
"na miguu yenu nimeacha kuihesabu."
Akapiga magoti kumkanda Ludueña paja.

Mwamuzi akaniita. Nahodha nilikuwa mimi.
Sarafu ikapanda, ikapeperuka, ikaangukia mbali,
tukaikimbilia watatu kama watoto wanaofukuza kuku.
Kichwa. Nimeshinda.
"Chagua goli."

Dakika kumi na tano upepo mgongoni,
dakika kumi na tano upepo usoni:
kipi kitangulie?
Uule sasa, mapafu yakiwapo, upige mashuti ya mbali?
Au ujibane kwanza mlangoni kwako
uje uwafungulie mbwa wakiwa wamechoka?
Waliosema subira yavuta heri hawakucheza Comodoro.
Waliosema chelewa chelewa
hawakuwa na beki wa kushoto aliyekazwa na misuli.

Nikageuka kumtazama Pugh.
Mita arobaini. Akaweka viganja mdomoni, akapaza neno moja.
Nikaona taya likifunguka. Nikaona likifungwa.
Neno lenyewe lilinipita kuliani
likaelekea baharini pamoja na vumbi na maganda ya machungwa.

Nikamwambia mwamuzi, "Tunaanza usoni."

Iwan alipiga goli kiki, mpira ukapanda, ukasita,
ukamrudia mwenyewe kama barua isiyo na stempu.
Tulizuia kwa magoti, kwa mbavu, kwa majina ya mama zetu.
Nahuelquir aliutoa mstarini kwa uso
akauliza, damu puani, kama ni kona.
Hawakufunga.
Tulipobadilishana magoli nilikuwa nacheka,
nacheka kabisa: sasa zamu yetu.

Nikatazama uzio.
Mfuko umelala.
Unaning'inia kama soksi.
Upepo uliovuma tangu Jumatano ulikuwa umekata,
jua bado likiwapo, kimya
hata nikasikia mbwa akibweka ng'ambo ya reli.

Tukasukumana dakika zile kama watu wanaohamisha kabati.
Dakika ya mia na kumi na tisa Pugh akamwingiza Yamil,
kwa ajili ya penalti tu. Yamil akafunga ya kwanza.
Ya tano nilipiga mimi. Sitaisimulia.

Redio wakamzingira mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo:
nani alichagua kuanza dhidi ya upepo?
Nilikuwa nyuma yake, nimeshika kiatu kimoja.
"Mimi," akasema. "Kijana nilimtuma tu."
Wakamwandika pumbavu wiki nzima,
na mwezi wa tatu klabu ikapata kocha mwingine.

Miaka tisa sasa. Gari langu nampelekea yeye.
Huzamisha tairi katika beseni, huinama
sikio karibu na maji, akingoja mapovu,
na hakuna tundu ambalo hajaliona, hata la ncha ya sindano.
Mara nyingi nimefungua mdomo.
Mara nyingi nimeufunga.

Akimaliza kuziba hushika bomba,
hunitazama juu ya miwani:
"Upepo kiasi gani?"

Nami kila mara namjibu,
"Weka unavyoona wewe."