Mbiu ya Jikoni

Nimepata kazi ya siku tatu pale Ngomeni:
kilemba, joho la kukodi, pembe isiyolia,
na mistari kumi na miwili ya mpiga mbiu
wa zama Mreno alipokuwa bado anapima kuta.
Mkurugenzi alinisikiliza, kalamu sikioni.
"Wewe wasoma kama taarifa ya habari.
Nataka mtu wa miaka mia nne nyuma. Ijumaa."
Akaenda kugombana na fundi wa taa.

Nyumbani Kibokoni hakuna aliyeuliza joho.
Mama alinisukumia karai la mbaazi:
"Mikono yako haina mistari ya kukariri. Chambua."
Nikachambua, nikatangaza:
Enyi watu wa Mvita, njooni, sikilizeni!
Mbaazi moja ikaruka, ikapotelea uvunguni mwa friji.
Twalib akashika mwiko, akawa askari wa lango.
Mwanasiti akanipimia pumzi kwa saa ya simu
huku anafanya hesabu zake za kesho,
hata mbiu ikachanganyika na sehemu na desimali.
Baba alikuwa anapiga pasi kanzu, kimya,
kisha, bila kuinua uso:
"Hivyo utaita paka."

Jumatano mifereji ikakauka tena.
Nikatumwa barazani kumsimamisha Kazungu wa mkokoteni.
Nikaona hii ndiyo bahati. Nikajaza kifua,
nikampigia mbiu yote, toka mstari wa kwanza.
Kazungu hakugeuka. Waligeuka wengine wote,
na jirani wa ghorofani akachungulia kuuliza nani kafa.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, juu ya mafuta yanayochemka:
"Kazungu! Ndoo! Ndoo upesi, ndia i wazi!"
Mkokoteni ukasimama pale pale.
Twalib akaingia mbio kutafuta ndoo.
"Ndoo gani, mama, si tunanunua kwa mtungi?"

Mama akanyamaza. Hamri likaungua upande mmoja.
"Darasa la nne," akasema, "niliandika mtuzi.
Mwalimu akaniandikisha mchuzi mara hamsini ubaoni,
na wenzangu wakicheka."
Akageuza hamri.
"Wakiteka," akasema. "Walikuwa wakiteka."

Tangu usiku ule kila neno lilikuja na kazi yake.
Nipe huo mtele niuoshe, nami nikaoshe mimi.
Fagia tini ya meza. Si chini. Tini.
Nikamenya vitunguu vya harusi ya watu,
mato yakichuruzika, naye akinisahihisha
kwa ncha ya kisu, bila huruma hata kidogo.
Mistari ya mkurugenzi tukaifumua pale pale,
unga kwenye karatasi, tukaishona upya:

Ndoni watu wa Mvita, nisimeme penye ndia,
fumbuani mato yenu, nti nzima nawambia.

Mwanasiti akahesabu mizani kwa vidole
akasema hii imetimia, kuliko zile za kwenye karatasi.
Baba akaleta joho lililonyooshwa. Hakutaja paka.

Ijumaa pembe haikulia, kama nilivyojua.
Nikaiweka chini, nikafungua kinywa.
Wa kwanza kugeuka, wallahi, alikuwa paka,
juu ya ukuta wa Ngome, mkia umesimama.
Kisha watu.

Mama hakuja. Alikuwa na oda ya mahamri mia mbili.
Asema alinisikia kutoka darini.
Sijui. Kati ya Ngome na kwetu
kuna vichochoro vingapi, na honi za tuktuk.
Malipo nimeambiwa Jumatatu.
Nilikuta sahani imefunikwa, nyumba imelala,
na mlangoni mwa friji, kwa mwandiko wake,
orodha yangu ya sokoni ya asubuhi:
mtele kilo mbili, nazi tatu, ndimu,
bizari ya mtuzi.
Hakuna herufi iliyofutwa.
Nikapiga magoti nitafute ile mbaazi.